Wa Mwisho wa Ukoo Wake

Mwanamke akitaka kujua kama anapendwa, asiyasikilize maneno ya mwanamume. Amwulize swali gumu mbele ya watu, kisha atazame macho yake yanakwenda kwa nani kwanza. Mimi hili nilijifunza mchana kweupe, ndani ya chumba cha kulia cha hoteli, mbele ya Wazungu wenye leso shingoni, na somo lenyewe sijalisahau hadi leo.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimechuchumaa kando ya chemchemi yetu, naopoa kikapu cha viazi vitamu vilivyoivia katika maji yanayochemka yenyewe ardhini. Wageni walikuwa wameshaanza kufika kijijini. Kesho kutwa tulikuwa tunafunua, yaani tunaliondolea kitambaa mbele ya watu, jiwe la kaburi la Bibi Harete, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na tangu tumzike ukoo mzima ulikuwa ukijiandaa kwa siku hiyo. Samaki aina ya mkunga walikuwa wamebanikwa, nguruwe wamefungwa, mikeka mipya imetandikwa katika nyumba ya mababu. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu, sura ya Bibi mwenyewe, na hiyo Haami aliniapia kwamba iko njiani inakuja.

Mara nikamwona Ngapera anakuja mbio, aproni bado iko kiunoni. Ngapera ni rafiki yangu wa utotoni, na alikuwa akihudumu mezani katika hoteli ya Bwana Pettifer kule mjini.

"Shoga, kaa chini kwanza," akaniambia.

"Nina kikapu cha moto mkononi, nitakaaje?"

"Basi kitue. Nikikwambia umekishika utajiunguza, halafu nilaumiwe mimi."

Nikakitua. Ngapera ni mtu wa mzaha, lakini safari hii midomo yake ilikuwa imekauka.

"Bibi yako yuko hotelini," akasema.

"Ngapera, umeshaanza kunywa asubuhi yote hii?"

"Nasema picha yake. Ile aliyochora Bwana Thorne. Imetundikwa kwenye chumba cha kulia, juu ya meza ya nyama."

Nilicheka. Nilicheka kweli, kwa sababu Haami alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba picha iko Auckland inatiwa fremu, na itafika kwa treni asubuhi ya shughuli. Nikamwambia Ngapera kwamba lazima ni picha ya bibi mwingine, maana vizee wenye chale za kidevuni bado wapo na Wazungu huwachora wote.

"Ripeka, aliyepanda ngazi akapigilia msumari ni Haami," akasema. "Na aliyemshikia ngazi ni mimi. Sikujua anatundika nini mpaka alipokivua kitambaa."

Kwetu hata kofia haiwekwi mezani, kwa kuwa imekaa kichwani, na kichwa cha mtu hakikutanishwi na chakula. Mtoto akikosea hilo anapigwa kofi la mkono. Sasa mtu mzima, aliyezaliwa na kukulia katika mila hizi, achukue uso wa marehemu autundike juu ya nyama. Viazi vyangu nikaviacha palepale.

Lazima niseme Haami alikuwa nani kwangu, ama sivyo hamtajua kwa nini nilishika njia ya mjini papo hapo.

Haami alikuwa mchongaji, kijana wa upande wa pili wa ziwa, na kazi yake ya mchana ilikuwa kuwaongoza watalii kwenye chemchemi. Mara ya kwanza alipokuja kwetu kunitazama, mvua ilikuwa inanyesha. Kwetu mgeni haingii uwanja wa ukoo mpaka mwanamke amwite kwa sauti kutoka barazani, na mwitaji alikuwa Bibi Harete. Bibi akamwacha langoni alowe. Akavuta kiko chake taratibu, akamtazama kijana wa watu maji yanamchuruzika puani, kisha akanigeukia akasema, "Mimi sauti imekauka. Kama unataka aingie, mwite mwenyewe." Alikuwa amenifundisha kuita kwa miaka, lakini sikuwa nimewahi kusimama barazani. Nikasimama, nikamwita. Mwito wangu wa kwanza maishani ulikuwa wa Haami. Alivuka uwanja ule macho yake hayabanduki kwangu, na alipofika karibu nikajua nimekwisha.

Mjomba Paora, ndugu wa mama yangu, hakumtaka tangu siku ileile. "Mtu anayewauzia wageni salamu zetu kila siku, atashindwa kuuza nini?" ndivyo alivyokuwa akisema. Nilimtetea Haami mpaka nikagombana na mjomba. Nilisema wivu ndio unaomsumbua. Nilisema mengi.

Kisha akaja Bwana Thorne na rangi zake, anatafuta vizee wa kuchora. Bibi alikataa. Haami akambembeleza, akamletea tumbaku, akamfanya acheke, na mwisho Bibi akakubali kwa masharti mawili: akifa, picha ije nyumbani siku ya kufunuliwa jiwe lake, na kabla ya hapo isitundikwe mahali ambapo watu wanakula. Haami akainama, akagusanisha pua yake na pua ya Bibi, wakavuta pumzi moja. Kwetu neno likifungwa hivyo halihitaji wakili.

Nakumbuka siku ya kuchorwa Mzungu alimtaka Bibi atoe kiko mdomoni na aangalie chini kama mwenye huzuni. Bibi akamwuliza Haami, "Mwulize, huzuni ya nini? Nimekula nikashiba." Tukacheka sote watatu, na Haami akanishika mkono nyuma ya kiti cha Bibi. Nilikuwa na furaha siku hiyo kiasi cha kuogopa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri njiani. Mjomba Paora alikuwa anapasua kuni kando ya daraja, akaniuliza naenda wapi mbiombio bila kitambaa kichwani. Sikumjibu. Ningemjibu nini mtu ambaye huenda alisema kweli?

Hotelini sisi siku zote tuliingia kwa mlango wa jikoni. Siku hiyo nilipita mbele. Nilikanyaga zulia lao kwa miguu yangu yenye tope la chemchemi, na mwanamke mmoja mwenye kofia ya manyoya akasogeza gauni lake pembeni nisiliguse. Mlangoni pa chumba cha kulia kulikuwa na kabati la kioo, vitu vya kuwauzia watalii. Nikasimama kidogo, si kwa hiari.

Ndani ya kabati mlikuwa na vitana. Vitana vya mfupa wa nyangumi, vyenye uso mdogo uliochongwa juu, jicho moja likiwa gamba la samawati. Vimepangwa safu nzima. Na mimi kichwani nilikuwa nimechomeka kimojawapo, alichonipa Haami kando ya ziwa akaniambia kwamba kitana kile hakina ndugu duniani, kama mimi.

Nikaingia.

Nilimwona Bibi kabla sijamwona mtu mwingine yeyote. Haki ya Mungu, yule Mzungu alijua kuchora. Ngozi ilikuwa ngozi yake, mikunjo yake, chale za kidevuni zimekaa kila moja mahali pake, na macho yameangalia chini kama alivyoamriwa. Hakuwa na kiko. Chini ya kidevu chake kulikuwa na meza ndefu, na juu ya meza paja zima la kondoo, kisu kimechomekwa, mvuke wa mchuzi unampanda usoni. Kwenye fremu palipigiliwa kibati cha shaba chenye maandishi ya Kiingereza. Nilisoma shule ya wamisheni, kwa hiyo niliyaelewa vizuri sana. Yalisema: *Wa Mwisho wa Ukoo Wake*.

Haami alikuwa amesimama kando ya picha, suti nyeusi, na juu ya suti amevaa joho la manyoya ya ndege ili wageni wafurahi. Alikuwa akiwaeleza jambo. Aliponiona, akawaacha wageni wake. Na mimi, Mungu anisamehe, hata saa ile moyo ulinidunda kwa kumwona alivyopendeza.

Akanijia haraka, akaniambia kwa lugha yetu, kwa sauti ya chini, "Twende nje, Ripeka. Nitakueleza."

"Nieleze hapahapa."

"Ni leo tu. Wageni wa Bwana Thorne ni watu wakubwa, wametoka London. Wanataka kuiona kabla haijapakiwa melini."

"Melini?"

Akaliweka sawa joho begani.

"Haami, kesho kutwa tunafunua jiwe. Inapakiwa melini inakwenda wapi?"

"London. Na mimi nakwenda nayo. Kuna maonyesho makubwa. Nitachonga mbele ya watu, nitalipwa vizuri. Nilitaka kukwambia baada ya shughuli. Na kwa shughuli nitawaletea picha nyingine, ndogo, ya kamera. Nimeshaifanyia mpango."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeangusha andazi. Nikamwuliza swali moja tu. Nikamwonyesha kibati cha shaba nikamwuliza ni nani aliyewaambia kwamba Bibi Harete alikuwa wa mwisho.

Hakujibu yeye. Bwana Thorne mwenyewe alikuwa ametukaribia, glasi mkononi, mtu mpole mwenye ndevu za kijivu, na aliponiona nimeelekeza kidole kwenye kibati akadhani nataka kutafsiriwa. Akanieleza polepole kwa Kiingereza kwamba inasikitisha sana, yule kikongwe hakuacha mtu hata mmoja duniani. Akasema kijana wao Haami ndiye aliyewahakikishia. "Angekuwa na jamaa," akasema, "bila shaka ningeomba ruhusa yao kabla ya kuisafirisha. Mimi si mwizi."

"Mimi ni mjukuu wake," nikamwambia kwa Kiingereza.

Akanitazama kidevuni, akamtazama Bibi ukutani, akanitazama tena. Sura yetu ni moja, kila mtu husema. Kisha akamgeukia Haami, uso umeingia shaka.

"Unamfahamu binti huyu?"

Hapo ndipo nilipoyatazama macho yake. Nilikuwa nimesimama mbele yake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya mafuta ya nazi aliyojipaka nywele. Macho yangu yalimwomba kila kitu, na angesema neno moja la kweli pale, hata kama ameuza picha, hata kama kitana alichonichongea ni sawa na vingine mia moja, nadhani ningemsamehe. Macho yake hayakuja kwangu. Yalikwenda kwa Thorne, yakaenda kwa wageni wa London, yakaenda hata kwa Bwana Pettifer mwenye hoteli aliyesimama mlangoni amekunja uso. Yalizunguka chumba kizima.

"Namfahamu kidogo," akasema Haami. "Ni msichana wa kijijini."

Sikulia. Watu hudhani mtu huangua kilio papo hapo, kumbe mwili hupoa kwanza. Nikarudi mpaka mlangoni. Nikachomoa kitana, nywele zikaniangukia mabegani kama inavyompasa mwanamke mwenye msiba, na kitana nikakiweka juu ya kabati la kioo, kikae karibu na ndugu zake. Kisha nikageuka, nikamkabili Bibi, nikavuta pumzi kutoka chini kabisa alikonifundisha yeye, nikamwita.

Nilimwita kama anavyoitwa maiti anapoletwa nyumbani. Nilimwuliza amefikaje hapa peke yake, ni nani aliyemwacha mahali pa nyama, na watu wake wako wapi. Sauti ikagonga dari, vijiko vikanyamaza. Nilipofika mwisho wa pumzi nikasimama, kwa maana mwito wa namna ile lazima ujibiwe, na usipojibiwa ni aibu kwa aliyeita na aliyeitwa.

Wazungu wakapiga makofi.

Walipiga makofi kwa furaha, na mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba kweli Thorne ameandaa mambo. Hata sasa, nikikumbuka siku hiyo, kitu kinachoniuma baada ya lile neno la Haami ni yale makofi.

Yalipokuwa yanafifia, mlango wa jikoni ukafunguka na mwito ukajibiwa.

Alikuwa Mama Erana, mpishi mkuu, mwanamke wa kabila la pwani ambaye hata hakuwahi kumjua Bibi. Alitoka na unga mikononi, nyuma yake Ngapera, nyuma yake waosha vyombo na watandika vitanda, wote wanawake wetu, na sauti yake nzito ilisema, *tuko hapa, mama, watu wako ni sisi, tunakulilia*. Hawakupiga kelele nyingine. Ngapera na mwenzake walilibeba lile paja la kondoo wakalirudisha jikoni. Sahani zikafuata, mbele ya uso wa mtu aliyekuwa ameshika uma. Kisha wakajipanga chini ya picha, wakainamisha vichwa, wakalia.

Bwana Pettifer alikuja juu. Alitaka kujua chakula cha wageni kinakwenda wapi.

"Kitarudi, bwana," Mama Erana akamjibu bila kumtazama. "Marehemu akishatoka."

"Marehemu gani? Hiyo ni picha."

"Basi kama ni picha tu, haitakuwia vigumu kuiteremsha."

Pettifer alikuwa mtu wa biashara. Aliangalia meza tupu, akaangalia wageni wake, akamwambia Thorne kwamba hoteli yake inauza chakula, haiuzi picha. Thorne alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwenye fremu. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Akatoa kisu kidogo cha rangi mfukoni, akakibandua kile kibati cha shaba, akamwekea Haami kiganjani bila kumwambia neno, na mimi akaniambia kwamba tuichukue, yeye atakuja kuzungumza na wazee wetu. Alikuja kweli baadaye, akazungumza na Mjomba Paora kutwa nzima, na picha haikuondoka kwetu tena.

Tulipotoka nje, Haami alikuwa ameshavua joho la manyoya. Fremu ilikuwa nzito, na wanawake walikuwa wanajipanga namna ya kuibeba kilomita zote zile. Akamwomba Mama Erana ambebeshe yeye.

"Haya, beba," Mama Erana akasema. "Angalau mgongo hausemi uongo."

Wakamfunga kwa kamba ya katani, picha mgongoni, uso wa Bibi ukiangalia nyuma kwa wanawake waliomfuata. Mimi nilitaka kutangulia kwa njia ya mtoni, kwa sababu kazi ya kumwita Bibi aingie ilikuwa yangu. Haami akaniwahi kwenye geti la hoteli, ameinama chini ya mzigo.

"Nisikilize hata kidogo, Ripeka."

"Sema."

"Nilifanya kwa ajili yetu. Mjomba wako hanitaki kwa kuwa mimi ni mwongoza watalii. Nikirudi kutoka London na jina, nani atanikataa?"

"Nilikukataa mimi?"

"Wewe hapana. Lakini..."

"Mimi ndiye ningeolewa, Haami. Si mjomba."

Akafumba macho. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mvua ya siku ile langoni. "Lilikuwa neno tu," akasema. "Thorne angeomba ruhusa, wazee wenu wangekaa miezi wakibishana, meli ingeondoka. Nikasema hana mtu. Neno la kumridhisha Mzungu, basi."

"Uliwaambia Bibi Harete hakuacha mtu hata mmoja," nikamwambia. "Sasa nyumbani ulikuwa unakuja kumchumbia nani?"

Akaikaza kamba begani.

"Na lile la leo? *Namfahamu kidogo.* Hilo nalo lilikuwa la kumridhisha nani?"

"Niliogopa," akasema, na nilijua hilo ni la kweli, la kwanza siku nzima. "Ripeka, nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua," nikamwambia. Nikamgeuzia mgongo, nikashika njia ya mtoni.

Nilifika nyumbani nikihema, nikawaambia wanakuja. Hakuna aliyeniuliza maswali. Shangazi zangu walivaa majani ya msiba kichwani, wageni wakatoka kwenye mikeka, uwanja ukajaa. Mjomba Paora alinikuta barazani ninafunga nywele kwa kamba. Aliuliza imekuwaje, nikamsimulia kwa ufupi, hata lile neno la Haami, na nikangoja aniambie kwamba alinionya. Hakusema. Aliniwekea tu mkono begani, mkono wake mgumu wa kupasua kuni.

Kisha wakatokea langoni. Haami alikuwa mbele, amejikunja karibu kugusa magoti, suti yake nyeusi imegeuka ya vumbi, kamba imemkata mabega hadi shati limeingia damu. Alikataa kupokewa mzigo njia nzima, Ngapera aliniambia baadaye. Nyuma yake wanawake wa hotelini na aproni zao. Wote wakasimama pale ambapo lazima mtu asimame, wakangoja.

Haami akainua macho akanitazama. Sasa yalikuja moja kwa moja kwangu, hayakupita kwa mtu mwingine yeyote.

"Mwite," Mjomba Paora akaninong'oneza. Alikuwa ameshayaona yale mabega. "Mimi nilimchukia kuliko wote, na hata mimi nasema mwite. Kijana amejuta."

"Mjomba," nikasema, "kuita ni kwa wanawake."

Akarudi nyuma. Nikavuta pumzi.

Nikaita: "Njoo, Bibi, rudi nyumbani. Njoo mikononi mwa wanawake waliokulilia. Njooni, mama zangu, mliosema ana watu."

Kila aliyekuwa uwanjani alisikia ni nani ameitwa na nani hakuitwa, na Haami alisikia kuliko wote. Kisha akapiga magoti ili Mama Erana afungue kamba, na mama huyo alipojibu mwito wangu kwa niaba ya wenzake picha ilikuwa tayari mikononi mwake. Wakaingia. Bibi alivuka uwanja wake polepole, macho chini, na kilio kikainuka kutoka kila upande kumpokea. Tukamweka barazani juu ya mikeka mipya. Shangazi mmoja akaleta kiko chake cha zamani, akakilaza karibu na fremu.

Haami alibaki langoni. Hakuondoka. Mwito huweza kurudiwa, mtu aliyechelewa huitwa peke yake, na yeye alijua hilo, kwa hiyo alisimama wima, mikono mbele, akangoja kama alivyongoja ile siku ya mvua. Neno lilinijia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa nalo mdomoni, jina lake lote. Nikaubana mdomo mpaka meno yakaniuma.

Kikongwe mmoja, mgeni wa kutoka kusini aliyekuja kwa shughuli yetu, alikuwa ameketi karibu nami. Akanivuta sketi.

"Binti," akasema, "yule kijana langoni mbona hajaitwa? Si wenu?"

Nikamtazama Haami mara ya mwisho, kwa kirefu, kama mtu anayetaka kukumbuka.

"Namfahamu kidogo, bibi," nikamjibu. "Ni kijana wa mjini."

Kisha nikageukia picha, nikapiga magoti, nikalia kwa sauti mpaka shangazi zangu wakanishika mabega, na wote wakadhani namlilia Bibi peke yake.